Kalenda inaposema una nafasi, na huna

Kifaa cha kupanga miadi, yaani programu inayowaonyesha watu nafasi zako ili wajichagulie muda, hakijui lolote kuhusu siku yako. Kinachofanya ni hesabu ya kutoa: huchukua saa za kazi ulizokiandikia, kikaondoa matukio yenye alama ya "nina shughuli", kisha kikaondoa na yale yanayokatazwa na kanuni zako, kama mapumziko kati ya vikao. Kinachobaki ndicho watu wanachokiona. Kwa hiyo usianze kubofya mipangilio ovyo. Jua kwanza kosa liko upande upi: unaonekana una nafasi ilhali umebanwa, au unaonekana umebanwa ilhali upo tu?

Fungua kiungo chako cha miadi katika dirisha la faragha la kivinjari, ukione kama mgeni anavyokiona. Weka tukio la majaribio la dakika 30 kesho, mahali palipo wazi, ulipe alama ya "nina shughuli". Subiri dakika chache, upakie ukurasa upya. Nafasi hiyo ikitoweka, muunganisho ni mzima, kasoro iko kwenye matukio yako mengine. Isipotoweka, kalenda hiyo haisomwi.

Tuanze na matukio, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kwenye Google Calendar na Outlook, tukio la siku nzima kwa kawaida huanza likiwa na alama ya kwamba una nafasi. Umeandika "Likizo" Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nzima ina rangi, na bado mtu anakuwekea kikao Jumatano. Fungua tukio, badilisha hali yake, uhifadhi. Kama linajirudia, kubali mabadiliko yaguse matukio yote, si la leo peke yake. Kwenye Outlook angalia pia mialiko ambayo hujaijibu: huingia kwenye kalenda ikiwa ya "labda", na si kila kifaa huhesabu "labda" kuwa ni shughuli. Ijibu tu.

Kalenda isiposomwa, nenda kwenye orodha ya kalenda zilizounganishwa. Mara nyingi kuna mipangilio miwili inayofanana: kalenda *zinazokaguliwa* kuona kama kuna mgongano, na kalenda *inayoandikiwa* miadi mipya. Watu huweka ya pili wakadhani wamemaliza. Kila kalenda yenye shughuli zako, pamoja na ya binafsi, iwe na tiki kwenye ya kwanza. Kama ulibadilisha nenosiri karibuni, muunganisho huenda ulikufa kimyakimya. Uondoe, uunganishe upya. Kalenda uliyoiingiza kwa kiungo tu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa kupata mabadiliko, hivyo usiitegemee kwa miadi ya leo.

Kisha saa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu: kazi ni saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, mtu anaandika 3:00 hadi 11:00, na kalenda inawakaribisha wageni saa 9 usiku. Andika 9:00 hadi 17:00. Saa za eneo nazo zilingane kwenye kalenda na kwenye kifaa cha miadi, na uchague jina la mji badala ya tofauti ya saa kama UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya kimataifa), kwa kuwa mji hufuata mabadiliko ya saa ya msimu. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho. Katikati ya siku hizo, London na New York hutofautiana kwa saa 4 badala ya 5. Vikao vikihama kwa saa moja kamili mwezi huo, chunguza hapa kwanza.

Ukionekana umebanwa bure, piga hesabu ya kanuni. Kikao cha dakika 30 chenye mapumziko ya dakika 15 kabla na 15 baada kinahitaji saa nzima, kwa hiyo pengo la dakika 45 halitaonyeshwa kamwe. Sharti la kuweka miadi saa 24 kabla huifunga leo yote, na kesho hadi saa kama hii. Tazama pia ukomo wa vikao kwa siku, na vikao vya kila wiki vilivyoachwa na mtu aliyeondoka kazini: havifanyiki, lakini bado vinakula nafasi yako.

Rekebisha kitu kimoja, rudia jaribio, ndipo uguse kingine. Na lile tukio la majaribio lifute, lisije likawa shughuli.