Kasha lisilo na mchezo ndani

Ndugu muulizaji, hasira yako ya kulipia kasha la mchezo wa video dukani na kukuta ndani karatasi yenye namba ya kupakulia tu ina msingi, ila usimlaumu sana muuzaji, kwa kuwa uamuzi huo hufanywa na kampuni inayotoa mchezo. Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo: baadhi ya michezo ya Nintendo Switch 2, mashine ya kuchezea michezo ya video, huuzwa kwa kadi isiyobeba mchezo wenyewe, bali inayokuruhusu kuupakua, ingawa kadi hiyo, tofauti na namba ya kutumika mara moja, unaweza kuiuza au kumwazima mwenzako.

Wanaokuambia kwamba diski zimekwisha na uzoee hali wasikutishe. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza masharti magumu ya kuuza na kuazimana diski za mashine yake ya michezo, Xbox One, wateja wakapinga, ikayafuta kabla mashine haijaingia sokoni. Hata hivyo, The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ubisoft uliohitaji intaneti muda wote, ulizimwa mwaka 2024, na hata wenye diski (hili ndilo linaloniudhi zaidi) wakabaki na plastiki. Nunua diski kwa mchezo unaochezeka bila intaneti; ule wa mtandaoni usubiri ushuke bei.