Maswali ya Wasomaji: Kiti cha zamu Baraza la Usalama kinapatikanaje?

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ipate kiti Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa meseji zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa njia tofauti, kwa hiyo safari hii nafasi yote naitoa kwa hili.

Shikamoo mhariri. Hapa kijiweni kwetu tumebishana mpaka tumekosa abiria. Mmoja anasema viti vile wanagawa Wamarekani na Warusi, mwingine anasema nchi inanunua. Mkweli nani?
*Dereva bodaboda, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekosea. Baraza la Usalama lina wajumbe 15. Watano ni wa kudumu, hao hawapigiwi kura na yeyote, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Kumi waliobaki wanachaguliwa na Baraza Kuu, lile la nchi zote 193, na kila mmoja anakaa miaka miwili tu halafu anatoka. Kila mwaka wanatoka watano na wanaingia watano, na ukishatoka huruhusiwi kuunganisha kipindi kingine hapohapo, lazima upishe. Hapo kwenye kura mkubwa hana kura ya turufu, ile ya mmoja kukataa na jambo likafa, Marekani ina karatasi moja na Shelisheli ina karatasi moja.

Kura ni ya siri na ni ya karatasi kabisa, karatasi moja kwa kila kundi la nchi, na balozi anaandika jina la nchi kwa mkono wake, ndo maana wakati mwingine matokeo yakisomwa unasikia nchi ambayo wala haikugombea imepata kura moja, kuna mtu kaamua kuiandika. Ili upite unatakiwa theluthi mbili ya waliopiga kura. Wakipiga wote 193 basi ni kura 129. Usipofikisha mnarudia, na mnarudia mpaka mtu apatikane. Mwaka 1979 Cuba na Colombia walishikana raundi baada ya raundi mpaka mwaka ukaisha, kila mmoja kakataa kuachia, na kwenye raundi ya 155, Januari 1980, nchi zikaamua kumpa Mexico.

Ila nikuambie kitu ambacho wengi hawakioni. Uchaguzi wa New York ni hatua ya mwisho, kazi kubwa inakuwa imeshafanyika nyumbani. Viti kumi vimegawanywa kwa kanda, Afrika tunavyo vitatu, na sisi wenyewe Waafrika tunapanga nani aende. Ni kama foleni ya hapo kijiweni kwenu, abiria akitokea mnajua zamu ya nani kubeba, hamgombanii. Kiti kimoja ni cha Afrika Magharibi, kila baada ya miaka miwili kinatoka nchi moja kwenda nyingine hukohuko, juzi Ghana, ikaja Sierra Leone, sasa Liberia. Cha pili wanapokezana Kaskazini na Kati. Gabon alipotoka akaingia Algeria, Algeria alipotoka ikawa zamu ya Kati, ndo Kongo hiyo. Cha tatu ni chetu Mashariki pamoja na Kusini. Hebu fuatilia mwenyewe: Uganda 2009, Afrika Kusini 2011, Rwanda 2013, Angola 2015, Ethiopia 2017, Afrika Kusini tena 2019, Kenya 2021, Msumbiji 2023, Somalia 2025. Mashariki, Kusini, Mashariki, Kusini, hairuki hata mara moja.

Ndo maana Kongo siku ile ya tarehe 3 Juni 2025 ilipata kura 183, hakukuwa na Mwafrika wa kushindana nayo. Kuhusu kununua, nchi zinafanya kampeni kweli, zinafungua balozi, zinaalika watu chakula, zinabadilishana kura, wewe nipigie huku na mimi nitakupigia kule kwenye tume nyingine. Lakini kwa kuwa kura ni ya siri, aliyekuahidi anaweza akaandika jina la mwingine na usijue maisha yako yote.

Kama Waafrika mnapangana nyumbani, mbona Kenya ilitolewa jasho na Djibouti? Mimi nilikesha nikifuatilia.
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Pole kwa kukesha ndugu yangu, na swali lako ni zuri sana kwa sababu linaonyesha nini kinatokea mtu akikataa foleni. Agosti 2019 mabalozi kule Umoja wa Afrika, Addis Ababa, walipiga kura kati ya Kenya na Djibouti, Kenya ikapata 37 na Djibouti 13. Kwa kawaida hapo mambo yanaisha. Djibouti ikagoma kutoka, ikasema Kenya imeshakaa mara mbili, 1973 na 1997, na yenyewe mara moja tu, mwaka 1993, kwa hiyo zamu ni yake, na pia kwamba nchi za Kifaransa zisisahauliwe.

Basi wakaenda hivyo hivyo wawili mpaka New York, Juni 2020, katikati ya korona. Nataka uione picha ya siku ile maana haijawahi kutokea. Ukumbi ambao huwa umejaa mabalozi mia na zaidi wakinong'onezana ulikuwa mtupu, mabalozi wanaingia kwa makundi kila mmoja na saa yake aliyopangiwa, barakoa usoni, anatumbukiza karatasi kwenye sanduku anatoka, hakuna kukaa, hakuna kumshika mtu mkono dakika ya mwisho na kumkumbusha ahadi yake. Na kwa mgombea ile dakika ya mwisho ndo ya muhimu kuliko chakula chote alichoalika watu.

Raundi ya kwanza Kenya 113, Djibouti 78. Iliyotakiwa ni 128. Kenya inaongoza kwa kura 35 lakini haijapita! Kesho yake wakarudia, Kenya 129, Djibouti 62. Ilizidisha kura moja tu juu ya kiwango. Mabalozi wawili wangehamia Djibouti siku ile, tungeenda raundi ya tatu.

Msimamo wangu mimi nausema wazi, Djibouti ilikuwa na hoja lakini ilikosea kuipeleka nje baada ya kushindwa ndani. Hoja kwamba waliokaa kidogo wapewe kipaumbele ni ya haki kabisa, nami nitaigusa chini, ila mahali pake ni Addis. Tukizoea kupelekana New York wawili wawili, wanaoamua Mwafrika gani akae watakuwa watu wa mabara mengine.

Assalamu alaykum. Sisi tulio huku Maskati tunasikia kuna "kiti cha Waarabu". Kipo kweli? Na Oman imewahi kukikalia?
*Bibi wa wajukuu sita, Maskati*

Waalaykum salaam bibi yetu. Kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa hakijaandikwa popote, ni makubaliano tu ya mdomo ambayo watu wameyaheshimu miaka mingi. Nchi moja ya Kiarabu inakuwepo muda wote, kipindi kimoja inatoka upande wa Afrika, kipindi kinachofuata upande wa Asia. Tunisia ilipomaliza ikaja Falme za Kiarabu, halafu Algeria, sasa Bahrain. Oman ilikaa 1994 na 1995.

Mimi nilikuwa mtoto Ngara mwaka 1994, niliwaona wakimbizi wanavuka. Juzi nimesoma kwamba Rwanda ilikuwa ndani ya Baraza la Usalama mwaka uleule. Nimeshindwa kulala. Ni kweli?
*Mama wa watoto wanne, Kagera*

Ni kweli dada yangu, na mimi niliposoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Rwanda iliingia Januari 1994 kwa zamu yake ya kawaida, ilichaguliwa kama nchi nyingine yoyote. Mauaji yalipoanza Aprili, mwakilishi wa serikali ileile iliyokuwa inaendesha mauaji alikuwa amekaa kwenye meza ile, anasikia kila taarifa inayosomwa kwenye vikao, anajua nani anasitasita na nani anataka jeshi liongezwe. Tarehe 21 Aprili Baraza, kwa kura za wajumbe wote, lilipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa Kigali hadi watu 270. Mei 17 lilipoleta marufuku ya silaha kwa Rwanda, kura moja tu ilipinga, ya Rwanda.

Watu wanauliza kwa nini hakufukuzwa. Hakuna utaratibu wa haraka wa kumtoa mjumbe katikati ya kipindi, kiti ni cha nchi, na aliyekikalia ni yule anayetambuliwa kuwa serikali. Mpaka serikali ile iliposhindwa vita mwezi Julai. Halafu Novemba, serikali mpya ya Kigali ikiwa kwenye kiti kilekile, ikapiga kura ya kupinga kuundwa kwa mahakama ya mauaji ya kimbari, ile iliyokuja kukaa Arusha kwetu, kwa sababu haikuridhika na namna ilivyoundwa, mojawapo ikiwa kwamba mahakama haikuwa na adhabu ya kifo. Mwaka mmoja, kiti kimoja, serikali mbili zilizopigana vita.

Mkataba, ibara ya 23, unasema wakati wa kuchagua ianze kuangaliwa mchango wa nchi katika amani, halafu ndo mgawanyo wa kijiografia. Sisi tumekazania cha pili tukasahau cha kwanza. Zamu naiunga mkono kwa moyo wote, lakini kule Addis kabla ya kupitisha jina mtu aulize hii nchi nyumbani kwake kukoje.

Bila kura ya turufu kiti kile kina faida gani? Si kwenda kupiga picha tu?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Hapana. Azimio linahitaji kura tisa, na wakubwa wote watano wakikubaliana wanakuwa na tano tu, wanahitaji wengine wanne. Wachaguliwa saba wakishikamana hakuna kinachopita. Na kila mwezi mjumbe mmoja anakuwa mwenyekiti, zamu inafuata alfabeti ya Kiingereza, na mwenyekiti ndiye anayeongoza kupanga ratiba.

Januari 1976 zamu ilitufikia Tanzania. Aliyekaa kwenye kiti cha mwenyekiti ni Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar, mwezi huohuo alitimiza miaka 34. Tarehe 26 Marekani ikatumia turufu kuua azimio kuhusu Palestina. Siku nne baadaye, bado sisi ni wenyeviti, likapita kwa kauli moja azimio namba 385 lililotaka Namibia ipewe uchaguzi huru chini ya Umoja wa Mataifa. Namibia yenyewe ilikuja kupata uhuru 1990, lakini ukisoma msimamo wa miaka ile yote 385 inarudi na kurudi. Tuliporudi kwenye kiti, Januari 2006 Asha-Rose Migiro, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ndo kwanza ameteuliwa, akaongoza kikao cha Maziwa Makuu na likatoka azimio 1653. Nchi yenye wakimbizi mlangoni iliweza kuwalazimisha wakubwa wakae siku nzima wazungumze habari za Burundi na Kongo.

Na Machi 2024 wachaguliwa wote kumi waliandika wenyewe azimio la kusitisha vita Gaza, 2728, likapata kura 14, Marekani haikupiga upande wowote.

Tanzania tupo SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Hatuwezi kupitia foleni ya Kusini tukapata haraka?
*Msomaji, Mbeya*

Hatuwezi. Umoja wa Afrika una kanda zake, haufuati SADC wala Jumuiya ya Afrika Mashariki, sisi tumeandikwa Mashariki, na hata Burundi ambao tuko nao Jumuiya wao wamewekwa Kati. Mashariki tupo nchi 14. Zamu yetu inakuja kila baada ya miaka minne, piga hesabu, foleni ikinyooka kila nchi inasubiri miaka 56. Haijawahi kunyooka. Kenya imekaa mara tatu, Uganda mara tatu, na sisi mara mbili, 1975 na 2005, wakati Komoro, Shelisheli, Eritrea na Sudan Kusini hawajawahi kukaa hata siku moja. Somalia ilitoka mwisho wa 1972 ikarudi 2025.

Mwaka 2027 kiti kinakwenda Kusini. Kwa mpangilio ulivyo kinarudi kwetu Mashariki Januari 2029, kura zake zikipigwa Juni 2028, kwa hiyo mazungumzo ya Addis yatakuwa kabla ya hapo. Mimi ningependa kuona Komoro inasimama na sisi tunaishika mkono.