Saa ya maji ya Korea: mbao zilishaoza, sasa wamejuaje ndani kulikuwa na nini?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimeona picha ya saa kubwa ya maji iliyoundwa upya kule Seoul, midoli inagonga kengele yenyewe bila mtu. Sasa hiyo si ya miaka ya 1400 na ilishapotea kitambo? Wamejuaje ilivyokuwa ndani au wamejibunia tu? Halafu maji ya kuchuruzika vile yanapata wapi nguvu ya kugonga kengele? – Mdadisi

JIBU: Mdadisi, naanza na la mwisho maana ukishalielewa hilo, la kwanza linakuwa rahisi.

Maji hayagongi chochote. Hiyo saa inaitwa Jagyeongnu, yaani saa ya maji inayojigonga, ilitengenezwa na Jang Yeong-sil kwa amri ya mfalme Sejong na ikaanza kazi 1434 kwenye kasri la Gyeongbokgung. Maji yanatoka kwenye mitungi ya juu yanaingia taratibu kwenye mapipa marefu membamba, mle ndani kuna boya lenye ufito, maji yakipanda na ufito unapanda. Nguvu yake ndogo tu, lakini inatosha kusukuma kikomeo kimoja na kuachia gololi ndogo ya shaba. Hiyo gololi inabingirika mpaka inafyatua gololi kubwa ya chuma, saizi ya yai la kuku, na hii ndo yenye kazi, ikidondoka inakandamiza wenzo na mkono wa mdoli unanyanyuka, ngo! Kwa hiyo nguvu inatoka kwenye uzito wa chuma kilichopandishwa juu mapema na watu, maji yanasema tu "sasa". Mimi hapo ndo namvulia kofia huyo bwana.

Saa 12 za siku nzima zilikuwa za kengele (kila moja ni kama masaa mawili yetu). Usiku ulikuwa na zamu 5, ngoma inalia, na kila zamu ina vipande 5 vya upatu. Tatizo usiku wa baridi mrefu, wa kiangazi mfupi, so vipimo vya usiku ilibidi vibadilishwe kufuatana na msimu.

Sasa wamejuaje. Kumbukumbu za utawala wa Sejong zimeuelezea mtambo huu kwa kirefu, hadi ukubwa wa gololi. Mitungi ya shaba nayo ipo, ila sio ile ya mwanzo, ni ya saa iliyotengenezwa upya 1536, mtungi mkubwa mmoja, midogo miwili na mapipa mawili. Mbao, gololi na nyenzo ndo hakuna kabisa. Profesa Nam Moon-hyun na wenzake walihangaika na maandishi hayo miaka mingi, na saa yao ikaonyeshwa 2007 kwenye Jumba la Makumbusho la Kasri, Seoul. Kubuni kidogo kulikuwepo jamani, maandishi yanakwambia gololi ilianguka, hayakupi mchoro wa kikomeo, hapo unajaribu mpaka mtambo ukubali.

Lakini 2021 mafundi wa akiolojia wakichimba Insadong, katikati ya Seoul, wakakuta chungu kimejaa herufi za metali za kuchapia na pamoja nazo vipande vya shaba, kimojawapo bamba lenye matundu ya duara na maandishi "mshale mmoja" (mshale ndo ule ufito wa kupimia). Wataalamu wanaona ni sehemu ya kile kifaa cha kuachia gololi cha saa ya aina hii. Yaani ile sehemu iliyokuwa ya kukisia zaidi ndo hiyo ikatoka ardhini, miaka 14 baada ya saa mpya kuwashwa!

Na hilo neno "inayojigonga" lisikudanganye sana, gololi zikishadondoka hazijipandishi zenyewe, lazima kuna mtu alikuwa anaziokota na kuzirudisha juu, na mwingine wa kujaza maji.