Jibu: Nataka kuanza katuni ya kuchekesha kuhusu sayansi, nianzie wapi?

Mdogo wangu, hicho kisanduku cha pili cha katuni uliyotuonyesha hapa usikipandishe mtandaoni! Nabii ameshika kipaza sauti, anapiga kelele kwa herufi kubwa "ZIWA KIVU LITALIPUKA JUMAMOSI, HAMENI", halafu jibu linakuja kisanduku cha nne? Unaishi Goma kweli? Watu waliokimbilia Sake Mei 2021, baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, na magodoro kichwani hawatasubiri kisanduku cha nne.

Mimi nilichora ya mazuku, ile gesi ya ardhini inayoua. Daktari bandia, koti jeupe, anafundisha watu: "Ukikuta mazuku, lala chini kifudifudi, itapita juu yako." Kisanduku cha mwisho yeye amelala, na mbuzi wake amepanda juu ya jiwe la lava anamtazama. Wenye kujua walicheka hadi machozi. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, haina harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inajikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Nyumba ikiungua unatambaa kwa sababu moshi una joto, unapanda juu. Mazuku unaikimbia kwa kupanda wewe. Kulala chini ni kujizika bila jeneza, na kichekesho chote kilikuwa hapo.

Basi mtu mmoja akakata. Akachukua daktari na kiputo chake cha maneno tu, mbuzi akabaki nje, akaweka kwenye statusi. Kufika jioni picha imezunguka vikundi vya WhatsApp vya kwaya, vya wazazi, vya motari, na chini yake imeandikwa "Tuma kwa wote, okoa maisha". Nilijuaje? Mama yangu mzazi alinipigia simu: "Mwanangu, huko kwenu mazuku ni mingi, ukiikuta ulale chini, daktari amesema." Daktari! Yule nilimchora mimi, na pua yake niliiba kwa mjomba.

Usicheke sana. Upande wa Bulengo, pembeni mwa Goma, mazuku si hadithi, na watoto na mbuzi ndio inaowaanza kwa sababu wako karibu na ardhi. Nililipa pikipiki kwenda kwa machefu wa avenyu, wale viongozi wa mitaa, mmoja baada ya mwingine, kueleza kwamba daktari yule ni mchezo. Papa chefu mmoja akaniuliza: "Kama ni mchezo, kwa nini ulimvalisha koti?" Sikuwa na jibu. Nililipa pia tangazo la redio. Shirika lililokuwa linataka kuninunulia michoro likanyamaza hadi leo, na hata tangazo lenyewe halikuwahi kufika mbali kama ile picha.

Na yule bwana aliyetuendeshea semina ya katuni! Alitufundisha kwamba "uongo uupe nafasi upumue, ndipo kicheko kitakuwa kikubwa". Ulipumua, papa, ulipumua vizuri sana. Yeye alikula posho akapanda ndege, mimi nikabaki na cheti ukutani.

Sasa shika hili moja: UONGO USIKAE PEKE YAKE NDANI YA KISANDUKU. Jibu liwe mle mle, tena ligusane na kiputo chenyewe, ili anayekata akate vyote viwili. Kwa nabii wako, weka mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele yake, kitambaa chake cha kichwa kifunike nusu ya neno LITALIPUKA, aulize: "Jumamosi gani tena? Ile ya mwezi uliopita ulituambia ni hiyo." Hapo umechekesha na umefundisha, maana nabii anayesogeza tarehe hawezi kukosea hata siku moja, na msomaji analiona hilo bila wewe kumhubiria.

Ila usiruke upande wa pili ukachora kwamba ziwa halina kitu. Gesi imo, kaboni dioksidi na methane, imeyeyuka chini kabisa na uzito wa maji ndio unaoibana. Ziwa Nyos la Kameruni liliachia yake 1986, wakafa watu kama 1,700. Mcheke nabii na kalenda yake. Gesi iache.

Programu ya kuchorea, Krita ni ya bure. Mara ngapi kwa wiki, Kiswahili au Kifaransa, sijui uliuliza na nini kingine, wengine watakujibu, mega zangu zinaisha. Kichore upya kile kisanduku ukilete hapa tukione kabla hujakitia Facebook.