Presha ya macho mara nyingi haiumi, ndo shida yake

Dada umeuliza kwa nini mama apimwe presha ya macho wakati haumwi na anaona mbuzi ng'ambo ya bonde, sasa glakoma, ule ugonjwa wa presha ya macho unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, ndo ilivyo, mara nyingi inaanza kula uwezo wa kuona pembeni kimya kimya, baba yangu tulidhani uzee tu kumbe kila siku anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Kongwa, Dodoma, utafiti uliotoka 2000 ulikuta kama 4% ya wenye miaka 40 kwenda juu wanayo na wengi hata hawajui. Sio kama mtoto wa jicho, hapa kilichopotea hakirudi. We umesema babu alipofuka nayo, basi msisubiri, inatembea kwenye ukoo. Na yale matone ya macho yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya duka la dawa, mama asijitilie bila daktari, yanaweza kupandisha hiyo presha.