Formati ya otomatiki: usiizime, ipe masharti

Mi napenda msimbo uliopangika, ndo maana kwenye VS Code yangu (programu ya kuandikia msimbo) setingi ya editor.formatOnSave, yaani panga ukisevu, ilikuwa true siku zote, nasevu tu Prettier, kifaa cha kupanga msimbo, inanyoosha kila kitu. Sasa nikapewa mradi wa zamani wa mteja, fomu ya malipo ilikuwa inakataa namba za simu zinazoanza na 07, nikabadilisha mistari mitatu, nikasevu, nikatuma ikaguliwe. Kaka anayenikagua akapiga simu: "Mdogo wangu, mbona umegusa faili zima?" Alama za nukuu zote zilizokuwa moja moja (') zimekuwa mbili mbili ("), tabu zimegeuka nafasi mbili, ile mistari yangu mitatu hata mwenyewe siioni, na ukipiga git blame, amri ya kuonyesha nani kagusa kila mstari mwisho, kila mstari una jina langu. Niliumia kwa kweli, maana historia ya watu waliohangaika na lile faili miaka yote nilikuwa naifukia.

Kuizima moja kwa moja sikushauri, kwenye miradi yako utaikumbuka tu. Weka "prettier.requireConfig": true kwenye setingi zako binafsi, hapo Prettier haigusi faili mpaka ikute mradi wenyewe una faili lake la mpangilio kama .prettierrc. Hii peke yake imeniondolea shida karibu zote.

Ukitaka kuzima kwa mradi mmoja, fungua .vscode/settings.json ya mradi huo uandike "editor.formatOnSave": false, ila hapa jamani kuwa makini, mimi nilipoteza jioni nzima naandika false na bado faili linajipanga. Kumbe kwenye setingi zangu binafsi nilikuwa na kipande cha "[javascript]" chenye true, na VS Code setingi ya lugha inaishinda ile ya jumla hata kama ya jumla imeandikwa ndani ya mradi. Kwa hiyo hiyo false iweke ndani ya "[javascript]" pia.

Kwa faili moja la haraka kuna amri ya File: Save without Formatting. Na kama una jedwali la namba ulilolipanga kwa mkono, andika // prettier-ignore juu yake, halitaguswa.

Wa Neovim (programu nyingine ya kuandikia msimbo) mnaotumia kiongezi cha kupanga msimbo cha conform.nvim, setingi yake ya format_on_save inakubali fankisheni, iambie isirudishe kitu pale vim.b.disable_autoformat ikiwa true, basi bafa hiyo, yaani faili ulilofungua, inaachwa ilivyo.

Lile faili la mteja nililirudisha na git checkout, nikaandika upya ile mistari, safari hii diff, yaani orodha ya mistari iliyobadilika, ikaonyesha mitatu.