Kupanga ukubwa wa maandishi kwenye kivinjari: ushauri kwa wanaoanza kazi ya steshenari

Anayeanza kazi katika steshenari za Mbeya mjini, iwe Mwanjelwa, Kabwe au Uyole, hufundishwa kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu za mtandaoni, lakini ni nadra kufundishwa namna ya kuupanga ukurasa ili usomeke bila taabu. Ndiyo maana utamkuta kijana ameinamisha shingo mpaka pua inakaribia kugusa kioo, akisoma namba ya mteja nusu kwa macho na nusu kwa kubahatisha, ilhali vitufe vya kumwondolea shida hiyo viko chini ya vidole vyake. Ushauri huu ni kwa ajili yake, na utamfaa pia mwanafunzi wa chuo anayeshinda na kompyuta mpakato yake.

Shikilia kitufe cha Ctrl kisha bonyeza alama ya kujumlisha: ukurasa utakua. Ukibonyeza alama ya kutoa utapungua, na ukibonyeza sifuri utarudi kwenye asilimia 100. Katika kivinjari cha Chrome ngazi za kupanda ni 110, 125, 150, 175, 200 na kuendelea hadi 500, wakati kivinjari cha Firefox hupitia 120 na 133 kabla ya kufika 150. Gurudumu la kipanya likizungushwa huku Ctrl imeshikiliwa hufanya kazi hiyo hiyo, na mara nyingi hiyo ndiyo siri ya kurasa zinazodaiwa kuwa “zimejikuza zenyewe”: mtu alikuwa ameshika Ctrl ili anakili maneno, kidole kingine kikasukuma gurudumu.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba Chrome hukumbuka ukubwa kwa kila tovuti. Ukiikuza tovuti ya maombi ya mikopo hadi asilimia 150 leo, mwenzako atakayekaa kwenye kompyuta hiyo kesho ataikuta hivyo hivyo, na huenda akamwambia mteja kwamba mtandao una matatizo. Kwenye kompyuta ya watu wengi, basi, jizoeze kubonyeza Ctrl na sifuri kabla ya kuinuka. Ukiona unalazimika kukuza karibu kila tovuti unayoifungua, acha kuhangaika na moja moja. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya mwonekano, uweke ukubwa wa kawaida utakaotumika kote.

Hata hivyo, kabla ya kugusa kivinjari ni vema kuangalia mipangilio ya Windows yenyewe, kwa sababu kama hata majina ya mafaili yanakusumbua kuyasoma, tatizo si la tovuti. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye kioo, fungua mipangilio ya onyesho, na utakuta sehemu iliyoandikwa Scale, ambapo unaweza kuchagua asilimia 100, 125 au zaidi. Chini yake kuna idadi ya nukta za kioo (resolution), na hapo ushauri wangu ni mmoja: acha ile iliyoandikwa kuwa inapendekezwa. Wapo wanaoipunguza ili herufi ziwe kubwa, na kweli zinakuwa kubwa, lakini zinafifia kingo, kwa kuwa kioo bapa kina idadi maalumu ya nukta na kikilazimishwa kuonyesha pungufu hubaki kukadiria. Herufi kubwa yenye ukungu huchosha macho kuliko ndogo iliyo safi.

Kumbuka pia kwamba kiwango cha Scale na kile cha kivinjari huzidishana. Kompyuta mpakato nyingi zinazotumika huku zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Ukiweka Windows kwenye asilimia 125, kisha kivinjari kwenye 150, ukurasa umekuzwa kwa asilimia 187.5, na kwa hesabu za tovuti dirisha lako lina upana wa nukta kama 730 tu. Hapo ndipo malalamiko ya “menyu imepotea” yanapoanzia. Tovuti nyingi za sasa hupima upana wa dirisha na kujipanga upya. Zikiona upana mdogo hudhani uko kwenye simu, hukunja menyu yote ndani ya vijistari vitatu na kupanga safu moja chini ya nyingine. Menyu haijapotea, bonyeza vile vijistari. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, unaotolewa na shirika la viwango vya mtandao la W3C, unataka maandishi ya tovuti yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui wala utendaji, ila si kila mtengenezaji wa tovuti anauzingatia. Utakutana na fomu ambayo ukiikuza, kidirisha cha kuthibitisha kinashuka hadi kitufe chake kinazama chini ya kioo na hakivutiki. Usifunge ukurasa. Punguza hadi asilimia 80 au 67, bonyeza kitufe, kisha urudi ulikokuwa. Kubadili ukubwa hakupakii ukurasa upya, kwa hiyo ulichojaza hakipotei.

Kwa maoni yangu, kujaza na kuhakiki ni kazi mbili zinazohitaji ukubwa tofauti. Wakati wa kujaza, asilimia 100 au 110 inatosha, maana unahitaji kuiona fomu kwa upana wake. Wakati wa kuhakiki, panda hadi 150 au 175 na usome herufi kwa herufi pamoja na mteja. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na katikati hupangana sifuri ambazo kwa maandishi madogo huwezi kujua ni tatu au nne. Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo ina mikwaju na sifuri zake. Majina ya kwetu hayana huruma: Mwakalinga na Mwakalonga hutofautiana kwa herufi moja tu, na herufi r ikifuatwa na n, kwa maandishi madogo, husomeka kama m. Mgeuzie mteja kioo asome mwenyewe. Aliyezidi miaka arobaini, ambaye macho yake huanza kushindwa kuona vya karibu, atashukuru ukimpandishia hadi 200.

Kwenye simu, kutanua kwa vidole viwili hukuza ukurasa kama picha, hivyo unalazimika kusogeza kushoto na kulia kwa kila mstari. Kwa kusoma habari ndefu ni afadhali kuingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya ufikivu, na kuongeza ukubwa hapo, ili mistari ijipange upya ndani ya kioo.

Mwanga wa mlangoni usiutibu kwa kukuza herufi. Asubuhi za Juni na Julai, kila mtu anapotafuta pa kuota jua, meza nyingi husogezwa mlangoni na kioo kikaelekezwa barabarani, kikawa kinaakisi anga lote. Geuza meza ili mlango uwe ubavuni mwako, kisha ndipo uamue kama herufi ni ndogo kweli.

Mwisho ni uchapishaji. Ukubwa ulioupanga kwenye kivinjari hauendi kwenye karatasi, na mteja aliyeona barua yake kubwa kwenye kioo ataishangaa ikitoka na herufi ndogo. Ukubwa wa karatasi hupangwa ndani ya dirisha la kuchapisha, penye kipimo chake cha asilimia, kwa hiyo mwonyeshe mteja onyesho la awali lililo humo kabla hujatoa nakala.